Hedfoni za Kwenda Nyumbani

Nianze na lile linaloniaibisha, tulimalize mapema: binti yangu ananiogopa. Ana miaka sita, anaishi na mama yangu karibu na Nakuru, nami ni nesi hapa Doha, wodi ya wagonjwa mahututi. Nilikuwa najiandaa kwa likizo ya kwanza baada ya miaka miwili, na wakati wenzangu huanza kuhangaika na mablanketi na manukato ya kupeleka nyumbani, mimi nilikuwa nahangaika na hedfoni. Zile kubwa za kukata kelele, ambazo watu huzivaa kwenye ndege wakalala kama watoto. Nilijiambia nikilala njia nzima, masikio yatulie, nitafika nikiwa mtu wa kawaida na mtoto atanikaribia. Ukiona mtu mzima anatafuta msamaha wa mtoto kwenye duka la simu na redio, jua mambo yamemzidi.

Watu hudhani wodi kama yetu ni mahali pa ukimya. Nani aliwadanganya? Kila kitanda kina mashine tatu, nne, na kila mashine ina mlio wake. Ya moyo inalia, ya kupumulia inalia, ya kupitisha dawa inalia dawa ikikaribia kuisha, kisha inalia zaidi ikiisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa naruka kwa kila mlio. Wa pili nikajua upi ni wa kukimbilia na upi ni wa kuendea polepole huku unamalizia kuandika. Baada ya hapo milio ikaanza kunifuata. Naisikia kwenye lifti. Naisikia kwenye milango ya metro ikijifunga. Sufuria ya umeme ya wali ikimaliza kupika, mkono wangu unaenda kutafuta mshipa wa mtu.

Na kuna ule mmoja, mrefu, usiokatika, wa moyo uliosimama. Huo ukiusikia huna muda wa kufikiri. Mikono inatangulia, akili inafuata baadaye. Ndivyo tulivyofundishwa, na si vibaya, maana ukikaa kufikiri mtu ameshakwenda. Tena wodini kwetu hakuna anayethubutu kusema kwamba leo kumetulia. Nesi mgeni akitamka hivyo anafokewa na Wakenya, Wafilipino na Wahindi kwa pamoja, kwa sababu sote tumeshaona: neno likitoka tu, kuna mgonjwa atabadilika kabla chai haijapoa. Mimi nasali kila Ijumaa kanisani, maana huku hiyo ndiyo siku ya mapumziko, na bado naliogopa neno hilo. Sasa nilikuwa naenda kuununua huo utulivu dukani, na hata kuutaja nilikuwa naona najiletea balaa.

Lililotokea ni hili. Likizo iliyopita nilimaliza zamu, nikabadilisha nguo, nikaenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Nilifika nyumbani asubuhi, tukala, tukalia, tukacheka. Mtoto nilimletea kinanda kidogo cha betri nilichokinunua hapa hapa Doha, cha rangi rangi, chenye picha za wanyama. Baada ya chakula cha mchana nikajilaza kwenye kochi. Yeye akakaa kwenye mkeka, miguuni pangu, anabonyeza kinanda chake. Alikuwa na miaka minne.

Kitufe kimoja kilikwama. Kikatoa sauti moja, nyembamba, ndefu, isiyokatika.

Sikumbuki kuamka. Nakumbuka nikiwa tayari nimepiga magoti juu ya mkeka, yeye amelala chali, viganja vyangu viwili viko juu ya kifua chake, nabonyeza. Nilibonyeza mara mbili. Mama yangu anasema tatu. Nilikuwa nafoka kwa Kiingereza, naita watu ambao hawakuwepo walete dawa, na mama alinivuta kwa nyuma ya blauzi mpaka vifungo vikakatika. Kifua cha mtoto wa miaka minne, jameni. Mtu yeyote wa kazi yangu anajua mkono wa mtu mzima unaweza kufanya nini pale. Tulimpeleka kupigwa picha, mifupa ikaonekana mizima. Daktari alipouliza alipataje maumivu yale, mimi, nesi wa miaka yote hiyo, nilisema alianguka kitandani. Mama yangu alinitazama, akanyamaza.

Siku zote zilizobaki alilala na mama yangu, shosho wake. Akinipa kikombe alikuwa anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo anasema, "Chukua." Mwaka uliofuata nilipiga simu nikasema kazi ni nyingi, mtu wa kunishikia hayupo. Alikuwepo. Nilikuwa naogopa kwenda.

Hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nakaa chumba kimoja na dada wa Mombasa, anafanya kazi mapokezi hotelini. Hajui lolote kati ya hayo. Anajua tu kwamba sipati usingizi, na kwamba nimekuwa mkali siku hizi. Nilipomwambia nataka hedfoni za safari alifurahi kana kwamba ni yeye anayesafiri.

"Chukua vile vidogo vya kutia masikioni, shoga yangu," akasema. "Mimi nikivaa natupia mtandio juu, hakuna anayejua. Meneja anasema weee, nami niko na taarab zangu."

"Mimi sina mtandio."

"Basi jitie kofia. Ama uchukue hayo madude makubwa ukae kwenye ndege kama rubani." Akacheka, akaendelea kupiga pasi sare yake. Kisha, bila ubaya wowote, akauliza, "Na nyumbani je, utayavaa? Mwanao akikuita utamsikiaje?"

Nikamjibu kwamba hayo hayamhusu. Nilimjibu kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Aliinua pasi, akanitazama, akasema, "Ebo! Kuuliza tu imekuwa kesi?" na hatukuongea tena mpaka kesho yake. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Ndiyo, nilikuwa nimepanga kuyavaa nyumbani. Nilikuwa nimepanga kulala nayo kila siku ya likizo, ili pasiwe na mlio wowote duniani wa kuniamsha.

Alhamisi jioni nikaenda mtaa wa Al Sadd. Niliingia duka moja la vifaa vya umeme, lenye televisheni ukuta mzima, zote zinaonyesha maji ya bluu na samaki. Aliyekuja kunihudumia alikuwa mzee wa makamo mwenye masharubu ya mvi. Alimaliza kumjibu mteja mmoja kwa Kiarabu na mwingine kwa Kihindi, akanigeukia, nami nikamwuliza kwa Kiingereza chaji ya hedfoni inakaa siku ngapi; akanijibu kwa Kiswahili.

"Nyumbani ni wapi, dada? Kenya?"

"Umejuaje?"

"Umeuliza chaji inakaa siku ngapi kabla hujaniuliza rangi." Yeye alikuwa wa Kisumu, na alisema hivyo kwa fahari, kana kwamba Kisumu stima, yaani umeme, haipotei. Tukacheka. Nilikuwa sijacheka wiki nzima.

Akanitolea vidogo kwanza. Vilijaza masikio kama maji ya kuogelea, na nikimeza mate najisikia mwenyewe. Nikavirudisha. Akaleta makubwa, ya kufunika sikio lote. Akanieleza mambo ya maana, namsifu kwa hilo: nisichukue yanayobana kichwa, maana saa tano za ndege ni nyingi; nihakikishe yana waya wake pembeni, kwa sababu kiti cha ndege hakikubali kila kitu kisicho na waya; nivae miwani yangu wakati wa kujaribu, kwani mkono wa miwani huacha upenyo na kelele huingilia pale pale. Nikavaa, akabonyeza kitufe.

AC ikatoweka. Sijui nieleze vipi. Miaka yote hii Doha hakuna mahali nimeingia pasipo na AC inayonguruma, nilikuwa nimesahau kwamba ni kelele. Mngurumo wa televisheni ukaenda, magari ya nje yakaenda, mabega yangu yakashuka yenyewe. Machozi yakanilenga pale katikati ya samaki. Nikamwinulia kidole gumba.

Halafu mtu akalipia kitu mlangoni, na ile mashine ya kusoma bei ikalia. Ti! Ikanifikia safi, safi kuliko ilivyokuwa kabla sijavaa, maana sasa haikuwa na kelele nyingine ya kujificha ndani yake. Nikaruka. Niligongana na rafu, maboksi mawili yakaanguka.

"Hii imeharibika," nikamwambia, navua.

"Haijaharibika, dada. Hizi zinakata mngurumo. Injini, AC, basi. Kitu kinachoendelea vile vile. Mlio wa ghafla, mwembamba, huo unapita. Na mtu akiongea karibu unamsikia. Mtoto akilia ndani ya ndege utamsikia pia, sitaki kukudanganya."

"Nipe basi inayokata milio."

"Haipo."

"Wewe nipe ya bei ya juu."

"Hata ya bei ya juu. Inayokata kila kitu ni kaburi peke yake." Alitaka kunichekesha. Alipoona sicheki akaokota maboksi yake, akasema tujaribu nyingine, nzito kidogo, huenda sponji yake ikasaidia. Akanipeleka kwenye chumba kidogo cha kioo wanakojaribia spika, akafunga mlango, nikavaa ile nzito.

Humo hapakuwa na sauti yoyote. Nilisimama, nikahesabu pumzi zangu kama ninavyowafundisha wagonjwa. Na katikati ya ule utulivu, taratibu, kama mtu anayefungua bomba, ule mlio ukaja. Mrefu, mwembamba, hauna mwisho. Mikono yangu ikapishanisha vidole, kiganja juu ya kiganja. Nilikuwa naiangalia ikijipanga na sikuweza kuizuia.

Nikatoka, nikamkabidhi. "Sikiliza. Kuna mlio ndani."

Alizivaa, akafumba macho, akasikiliza kwa uaminifu. Akazivua. "Hakuna kitu." Akazigeuza geuza mkononi, hakutaka kunitazama. "Kuna dereva wa lori aliwahi kurudisha za namna hii. Alisema zina mluzi. Tulizipima tukachoka. Mluzi ulikuwa wake mwenyewe, dada, wa masikio yake. Akiwa barabarani hausikii, kukitulia anausikia." Kisha akaongeza haraka, kama muuzaji yeyote, kwamba hata hivyo dereva alizichukua tena na sasa anazipenda.

Nikazinunua zile za kwanza. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeshatembea, nimeshafanya watu waokote maboksi, na sikutaka kutoka mikono mitupu nikamsikie dada wa Mombasa akiniambia pole. Nilipofika chumbani aliziona, akazijaribu juu ya mtandio wake, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Abiria, fungeni mikanda." Nikacheka. Nikamwomba radhi kwa yale ya jana, akasema ameshasahau, na nikajua hajasahau.

Ijumaa mchana ndiyo saa yetu ya simu na nyumbani. Mwenzangu alikuwa kazini. AC ya chumba chetu ni ya zamani, inanguruma kama lori la mchanga, na kwa kawaida nikipiga simu nusu ya maneno huliwa na hiyo AC. Siku hiyo nikafikiri, kwa nini nisizitumie? Nikaziunganisha na simu, nikapiga ya video. Mama alipopokea nilishtuka. Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilisikia kijiko ndani ya kikombe. Ilikuwa kama nimekaa pale mezani.

Mama alikuwa na furaha, anataka kunipa habari zote kwa pamoja. "Tumekuandalia, mwanangu. Safari hii utapumzika. Jogoo tumemuuza. Ile saa ya ukutani nimeitoa betri. Kile kinanda hata sikuambii nilikipeleka wapi. Na huyu tumefanya naye mazoezi, hebu mwone." Akageuza simu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni kwa soksi. Amerefuka. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kwa vidole vya miguu, mikono ameinyoosha pembeni asigonge kitu, uso ameukaza kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa pomoni. Alipofika akakaa, akamtazama shosho wake kwanza, ndipo akanitazama mimi. Akasema, kwa kunong'ona, "Shikamoo mama."

"Umeona?" mama akasema. "Wiki mbili anafanya hivyo. Hutasikia hata mlango."

Mama yangu ni mtu mwema. Alifanya hayo yote kwa kunipenda, na nilitaka kumpigia kelele bila kukoma. Mtoto wa miaka sita anafundishwa kutembea ndani ya nyumba yao kama mwizi, kwa sababu mimi nakuja. Nikasema ahsante. Nikauliza habari za shule. Mama akamwachia mtoto simu, akainuka kwenda kutazama sufuria, na mtoto akageuza kichwa kumfuata, akafunika simu kwa kiganja ili nisisikie. Siku nyingine nisingesikia. Siku hiyo nilisikia kila herufi.

"Shosho," alinong'ona, "akilala, mimi nitaenda wapi?"

Sikujua mama alijibu nini, nadhani alimwashiria anyamaze. Kiganja kilipoondoka nilikuwa nimeshaamua kwamba nitasema, kwa sababu kwa miaka miwili hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyewahi kulitaja lile jambo mbele yake. Tulikuwa tumemwachia abebe peke yake.

"Mama," nikamwambia, kwani ndivyo ninavyomwita naye anavyoniita, "unakumbuka siku ile ya kinanda?"

Alianza kuvuta uzi wa soksi.

"Hukufanya kosa. Sikuwa nimekukasirikia. Kazini kwangu mashine ikilia vile, mtu huwa amezimia, na sisi tunamsukuma hapa kifuani ili aamke. Mimi nilikuwa usingizini. Nilidhani umezimia. Nilikuwa nataka kukuamsha."

Alifikiri. Ana tabia ya kufikiri huku amefungua mdomo, kama baba yake. "Lakini nilikuwa macho," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuangalia. Nilikuambia, mama, ni mimi." Akauvuta uzi tena. "Nilisema mara nyingi. Hukusikia."

Hilo sikuwa nalijua. Mama hakuwahi kuniambia, labda naye alikuwa anapiga kelele. Nimelirudia kichwani tangu siku hiyo na bado silikumbuki, sauti yake haimo kabisa. Kuna mlio, kuna Kiingereza changu, hakuna yeye. Nilimwambia kwamba ni kweli, sikusikia, na kwamba naomba anisamehe. Alikubali kwa kichwa, haraka haraka, jinsi watoto wanavyokubali wakitaka mtu mzima aache kulia.

Halafu nikamwuliza lile nililopaswa kumwuliza mapema. "Nikija, nikitaka kulala, ungependa nilale wapi? Wewe ndiye utasema."

Mama alikuwa amerudi. "Atalala kwake, atalala wapi tena?"

"Mama, mwache ajibu."

Mtoto akatazama huku na huku kama anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akasema, na mara hii hakunong'ona, "Utalala kwa anti. Mchana utakuja."

"Wewe mtoto wewe!" mama akaanza.

"Mwache, mama. Nimekubali." Na nilikuwa nimekubali, ingawa iliniuma mpaka nikashika ukingo wa kitanda. Anti ni mdogo wangu, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Mtoto aliniuliza kama nitakuja kabla ya uji au baada ya uji, nikamwambia kabla. Akaniambia kwaheri, akashuka kwenye kiti kwa vidole.

Sikungoja. Nilimpigia mdogo wangu hapo hapo, nikamwomba kitanda. Akacheka, akauliza kwani kwa mama nimefukuzwa. Nikamweleza. Nilimweleza yote, mkeka, mikono, daktari niliyemdanganya, mlio wa jana kwenye chumba cha kioo. Hakuwa ameambiwa, alikuwa anajua tu kwamba mtoto aliwahi kuanguka. Kule kwake niliwasikia watoto wake wawili wakigombania kitu, mdogo ana miaka mitatu.

"Kitanda kipo," akasema mwishowe. "Njoo tu." Nilisikia akivuta pumzi, akitafuta namna ya kulisema bila kuniumiza. "Na hawa wangu... siku zile ukiwa hapa... nao wakalale kwa mama?"

Nikamwambia ndiyo, nao wakalale kwa mama.